Posa Iliyokuja kwa Meli

"Usilale tu hotelini, Kauthar. Toka, uone mji. Wenzio wanauona kwenye simu tu, wewe umepewa usiku mzima bure."

Maneno hayo aliyasema Haidar mwenyewe, mume wa ndoa, kwa ile sauti yake ya upole isiyopanda wala kushuka, siku moja kabla ya safari. Na Kauthar alitoka kweli. Ila mji aliokwenda kuuona ulikuwa na miguu miwili na ndevu, na ulikuwa umesimama juu ya ngazi za kituo cha treni cha Xiaobei, Guangzhou, Uchina, unatafuna kucha.

Weee! Moyo ulimlipuka mpaka akashika ukuta.

Tangu ndege inaruka Dar alikuwa anajifundisha: nikimuona Marijani sitasikia kitu. Nitamsalimia, nitamuuliza neno langu moja, nitarudi hotelini nilale. Sasa hicho kitu ambacho asingekisikia kilimtangulia kupanda ngazi.

"Kau."

"Assalamu alaikum, Marijani."

"Wa alaikum salaam." Marijani akanyoosha mkono. Kauthar akaurudisha wake ndani ya mtandio, lakini alichelewa. Macho ya Marijani yalishatua kwenye hina. Hina nyekundu na piko nyeusi, maua madogo madogo mpaka juu ya kifundo, hina ya bi harusi anayepelekwa kwa mumewe.

"Imekolea," Marijani akasema.

"Aliyenipaka anajua kazi yake."

"Wanasema ikikolea hivyo, mume anakupenda."

"Haidar ni mtu mzuri."

"Sijauliza kama ni mzuri."

"Na mimi sijaja kukuhadithia habari zake."

Wakabaki wamesimama, watu wanawapita kulia na kushoto, wengine wanawapiga vikumbo na viroba vya nguo. Marijani alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeanza kuchanganya nyeupe, na yeye hata miaka thelathini na mitano hajafikisha. Kauthar alitamani kuuliza nani anampikia. Akajing'ata ulimi.

Ndoa yake na Haidar ilikuwa ya mwaka na nusu, lakini ya simu. Ilifungwa sebuleni kwa baba yake Upanga, Haidar akiwa Perth, Australia, wakala wake ndiye aliyekaa kwenye mkeka akapokea. Tokea siku ile Kauthar alikuwa mke wa simu ya video. Kila jioni: umekula? Umelala vizuri? Viza bado? Mpaka viza ilipotoka, na ndege iliyopatikana ikawa ya kupitia Guangzhou. Unafika mchana, shirika linakupa chumba, uhamiaji wanakupa kibali cha siku moja cha kutoka nje ya uwanja, asubuhi unaendelea.

Kule hotelini WhatsApp haikufunguka. Uchina haifunguki bila VPN, nyumba nzima ilimwambia aiweke kabla hajapanda ndege. Kauthar alisikia vizuri. Hakuiweka. Ila WeChat, mtandao wa Wachina wenyewe, ilifunguka mara moja, hiyo hiyo aliyowekewa na Marijani kwa mkono wake zamani, wakati bado anakwenda Dar mara kwa mara kuleta mzigo kwenye duka la baba Kariakoo na kuiba dakika mbili za kuongea na binti wa mwenye duka. Akaandika: *Nipo Guangzhou, naondoka kesho asubuhi.* Hajaweka simu chini, jibu limeingia: *Shuka Xiaobei. Nipo juu ya ngazi.*

"Umekula?" Marijani akauliza.

Kauthar akacheka, kicheko kibaya. Swali la Haidar limehamia kwa huyu.

"Twende basi, kuna dada wa Kenya anapika pilau, utasema uko nyumbani."

Wakaingia mtaa wa Dengfeng. Jua lilikuwa linakaribia kuzama lakini mtaa ndiyo kwanza unaamka: maduka ya simu, mawigi yananing'inia, watu wa kubadilisha pesa wamekaa kwenye vigoda, Kiswahili huku, Kifaransa kule, Kichina juu ya vyote. Na kila baada ya hatua chache mtu anamuita Marijani. Yeye kazi yake ilikuwa kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Dar, kuipanga kwenye kontena na kuisafirisha.

"Laoban Mari! Mabegi yangu yameingia?"

"Yameingia, bosi, lala usingizi."

"Laoban! Lori lako linakuja saa ngapi?"

"Muda wowote, kaka, wewe tulia."

Laoban, bosi, ndivyo walivyomuita, Wachina kwa Waafrika. Na Marijani anaitika huku na huku, simu mbili mkononi zinatetemeka kama zina homa. Kauthar alitembea nyuma yake hatua moja. Akaona jinsi mgongo wake unavyonyooka kila anapoitwa. Huyu mtu anapendwa hapa, akawaza. Na wivu ukamchoma. Aonee wivu mtaa!

Mkahawa wenyewe ulikuwa juu ya duka la chaja, ghorofa ya pili, meza tano na dirisha linaloangalia barabarani. Mwenye mkahawa, dada Ndinda, Mkamba wa Machakos, mwili umejaa, sauti imejaa zaidi.

"Mari! Leo umekuja na mtu? Huyu huwa anakuja na madereva wa lori pekee, mrembo, wananimalizia chapati. Karibu, karibu sana. Unaitwa nani?"

"Kauthar."

Sahani ikaganda mkononi mwa Ndinda. Akamwangalia Kauthar, akamwangalia Marijani, akarudi kwa Kauthar.

"Kauthar yupi? Kauthar wa sanduku?"

"Dada Ndinda, tuletee chai," Marijani akasema haraka.

"Ati chai! Ngoja kwanza. Aki wewe ndiye? Mrembo, mimi ndiye nilijaribishwa ile gauni yako! Huyu msee alinitoa hapa mpaka kule Kangle kwa mafundi, akanisimamisha kama mdoli, ati mabega yangu na yako ni moja. Sasa angalia haya mabega! Fundi wa Kichina alicheka mpaka akakata uzi vibaya."

"Dada Ndinda!"

"Nini? Kwani hakuambiwa?" Ndinda akawatazama tena. Uso ukamshuka. "Woi. Hakuambiwa. Basi mimi nina chapati kwa moto."

Akapotelea jikoni. Kauthar akamgeukia Marijani. Alikuwa amekuja na swali moja tu kutoka Dar, swali alilolala nalo mwaka na nusu: kwa nini hukuleta posa? Ulikuwa unanichezea? Sasa swali lenyewe limeota pembe.

"Sanduku gani, Marijani?"

"Ndo mambo ya zamani hayo, Kau. Kula kwanza."

"Sanduku gani?"

Marijani akazilaza simu zake mezani, kifudifudi. Kwake yeye, hilo lilikuwa jambo kubwa.

"La posa. Lako."

 Posa ni maneno. Wazee wawili watatu wanavaa kanzu safi, wanakuja, wanaongea, wanaondoka wakisubiri jibu. Sanduku la bi harusi linakuja mwishoni kabisa, harusi ikishanukia. Hakuna mtu anayetanguliza sanduku.

"Nani kakuambia posa inakwenda na sanduku?"

"Mama. Alikataa kuja kwenu mikono mitupu."

"Bi Swalha? Nani alimdai kitu? Sisi watu wa kudai vitu mlangoni?"

"Unataka nikwambie?"

"Si ndo nimekuja!"

Marijani akaanza kukwangua meza kwa ukucha. "Hitima ya bibi yako. Mimi ndiye nilimtuma mama, nikamwambia nenda, kaa na watu, upazoee, maana nakwenda kuposa pale. Akavaa baibui lake jipya. Akafika mlangoni, mama yako akamuangalia akasema, 'Mpishi pita nyuma, masufuria yako uani.' "

"Mama yangu?"

"Na mama akapita nyuma, Kau. Alishindwa kusema mimi si mpishi. Akakunja mikono ya baibui, akapika mpaka jioni. Mkala. Mkamsifia."

Kauthar akaziba mdomo. Aliikumbuka hitima ile. Aliukumbuka hata ule wali, watu walivyoulizana nani kaupika. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa uani kumpelekea yule mama maji ya kunawa. Alimkabidhi kata bila hata kumtazama usoni.

"Akarudi nyumbani Tandika, akaapa. Nyumba ile harudi mpaka kitangulie kitu kitakachomfungulia mlango wa mbele. Ningefanyaje? Ni mama. Nikanunua, Kau. Mashuka ya hariri, udi, manukato, viatu jozi kwa jozi, seti nzima ya vyombo, sufuria zile nzito, gauni nikakushonea. Sanduku lenyewe wanaume wawili hawalinyanyui. Nikaliweka kwenye kontena."

"Kwenye nini?"

"Kontena."

"La meli?"

"Lilikuwa zito! Mzigo kama ule unaupeleka kwa ndege? Hata mgeni aliyefika jana hapa hafanyi hivyo. Cha haraka ndo kinapanda ndege. Kizito kinakwenda na meli."

"Cha haraka kinapanda ndege," Kauthar akarudia, taratibu. "Na mimi sikuwa wa haraka."

"Sikusema hivyo."

"Posa yangu, Marijani. Ulipakia posa yangu kwenye meli, na mizigo ya watu."

"Kontena lilikuwa la kwangu, nilijua linafunga wiki ile ile. Mtu mmoja mwenye vigae vyake akachelewa. Hulifungi likiwa na nafasi, watu watakucheka, tukasubiri lijae. Halafu meli ikakaa njiani. Halafu bandarini nako..." Akaachia mikono. "Mi nilijua tuna muda. Nilitaka ushtuke, ufungue mlango ukute sanduku."

"Si ungewatuma hata wajomba zako? Waje waseme neno, mzigo ufuate?"

"Posa ya bila mama? Angevunjiwa heshima mara ya pili."

Ndinda akaja na chai, akaweka vikombe kimya kimya, akaondoka kwa ncha za vidole. Mwanamke mnene vile hakutoa hata mlio.

"Mi nilikupigia simu," Kauthar akasema. Sauti ilikuwa imeanza kumtoka vipande. "Siku watu wa Haidar walipokuja. Nimejifungia chooni, nimefungulia bomba ili wasinisikie, nimekaa sakafuni na nguo zangu nzuri. Nikakwambia Mari, wako sebuleni, wananiposa, nifanyeje? Ulinijibu nini?"

Marijani akainamisha kichwa.

"Sema ulinijibu nini."

"Kuna kitu kiko njiani."

"Kuna kitu kiko njiani! Kwako wewe siku gani hakuna kitu njiani? Ukiulizwa habari za asubuhi kuna kitu njiani, ukiulizwa Idi unakuja kuna kitu njiani! Ningejuaje kwamba safari hiyo ni mimi?" Akapiga meza kwa kiganja, chai ikaruka. Watu wa meza ya pili wakageuka, wakajifanya wanaangalia simu zao. "Unajua wenzio walikuja na nini? Sinia la halua. Halua, Marijani! Na mzee mmoja ana kikohozi, kakohoa mwanzo mpaka mwisho. Basi. Wakasema maneno yao, baba akaniita. Akaniuliza, kuna mtu mwingine? Sema sasa hivi. Nikaangalia simu yangu. Nikasema hakuna."

"Ungesema yupo."

"Yuko wapi? Ningesema yuko wapi? Baba alishasema mtu wa kontena hana kwao, leo yuko leo hayuko. Nilikuwa nasubiri umuaibishe. Ukamuonyesha kwamba kasema kweli."

Hapo Marijani akafuta uso kwa mkono mzima, kuanzia paji mpaka kidevuni, na ulipotoka ule mkono, macho yalikuwa mekundu. Kauthar alitaka kumshika. Wallahi alitaka. Vidole vyenye hina vilisogea mezani bila ruhusa yake, vikafika nusu ya safari, vikasimama.

"Liko wapi sanduku lenyewe?"

"Achana nalo."

"Liko wapi?"

"Lilifika mkiwa mmeshasoma nikah. Mama akaliweka uvunguni. Alikuwa analipiga teke akifagia. Halafu Safia akapata mchumba..."

"Safia mdogo wako?"

"Mama akampa. Alisema litaoza bure."

 Kitu kilikuwa kinajipanga kichwani mwa Kauthar, na hakukitaka.

"Gauni lilikuwa la kijani?"

Marijani akainua kichwa.

"Kijani cha tausi? Mikono mipana, shanga kifuani?"

"Umelionaje?"

"Kwenye status yake!" Kauthar akaanza kucheka na machozi yanamtoka, huwezi kujua lipi ni lipi. "Kaweka picha, anazunguka, watu wanapiga vigelegele. Nikamwandikia mashaallah. Nikamtumia mioyo, mingi, mpaka nikamuuliza, shoga umeshonea wapi nami nikashone la kuendea kwa mume? Akanijibu kaka kaniletea. Na mimi bado nikasema kaka yako ana jicho."

 

Chai ilipoa. Kule chini lori lilipita likipiga honi, na simu za Marijani zikatetemeka pale mezani, zote mbili, zikasogea zenyewe kuelekea ukingoni. Hakuzigusa. Kauthar aliliona hilo, akalipokea kama zawadi. Na labda ndilo lililompa ujasiri, kwa sababu alilolisema baada ya hapo hakulipanga hotelini, hakulipanga kwenye ndege, hata kwenye ndoto asingethubutu.

"Mari, nisikilize. Ndoa imesomwa, sikatai. Lakini sijaingia kwake. Hata mkono wake siujui ni wa moto au wa baridi. Kuna ndege ya Dar kesho mchana, niliiona kwenye ubao pale uwanjani. Nikirudi nikamwambia baba nataka talaka, nitakiona cha moto. Mama atalazwa kwa presha. Haidar atalia, na hajanikosea chochote. Peke yangu siwezi, nitatetemeka, watanishinda. Lakini mtu akisimama pembeni yangu, naweza." Akavuta pumzi. "Twende wote kesho. Bila sanduku, bila kitu. Tutaanzia Tandika, nimwangukie mama yako miguuni kwa siku ile ya hitima. Halafu tutakwenda kwa baba."

Ungeuona uso wa Marijani! Uliwaka. Miaka yote ikamdondoka, akawa yule kijana wa Kariakoo anayeegemea kaunta na kujifanya anahesabu vitambaa. Akasema, "Kau," kwa pumzi moja, akazishika ncha za vidole vyake, hina na kila kitu. Na Kauthar hakuvirudisha.

"Kesho?" Marijani akauliza.

"Kesho."

"Kesho kesho?"

Na hapo Kauthar akaona. Ilikuwa kitu kidogo sana, macho tu kuhama, kutoka usoni kwake kwenda kwenye simu.

"Kesho tunaanza kupakia," Marijani akasema. "Siyo kwamba nakataa. Nataka, wallahi nataka. Lakini mizigo ya watu imeshaanza kuingia, kuna watu wanasubiri vitu vya Idi, nikiondoka mimi hapa kila kitu kinalala barabarani."

"Emmanueli yupo. Si mwenzio kwenye kazi?"

"Emmanueli hajui kupanga. Ataweka vyombo chini, mashine juu. Nipe wiki mbili, Kau. Wiki mbili tu lijae, lifunge, naruka."

"Na mimi wiki mbili niko wapi? Kibali changu ni cha siku moja. Dar sirudi peke yangu, nimekwambia siwezi."

Marijani akafikiri. Na akapata jibu, ndugu zangu! Akasogeza kiti, akainama karibu, akaanza kuongea haraka na mikono yake inatembea juu ya meza kama anapanga maboksi.

"Nenda Perth. Ndiyo, nenda tu, usishtuke. Fika, mwambie safari imekuchosha, mwambie unaumwa, wewe mwanamke utajua cha kusema. Asikuguse. Umesema mwenyewe ni mtu mzuri, hatakulazimisha. Unakaa naye kwa heshima wiki mbili, mimi huku namaliza, nikishatua Dar ndo unamwambia ukweli, unaomba talaka, unarudi. Hakuna atakayeumia. Umeona?"

Alikuwa anatabasamu. Kilichomuua Kauthar ni hicho, lile tabasamu. Mtu huyu aliamini kabisa kwamba ametoa mpango mzuri.

Akavirudisha vidole vyake, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo Haidar anitunze."

"Siyo akutunze..."

"Anipokee uwanjani na maua yake. Anipe chumba, anipikie uji kwa sababu naumwa, alale sebuleni na kunihurumia. Mpaka wewe ujaze kontena. Marijani, Haidar wa watu umemfanya godauni?"

"Usiseme hivyo, Kau."

"Na mimi ndo mzigo uliowahi kufika. Sogeza pale pembeni, lori likija tutaupakia."

"Kau, wewe ndo ninayekufanyia kila kitu..."

Simu ikaita. Siyo kutetemeka safari hii, iliita kwa sauti, mkahawa mzima ukasikia. Marijani akaitazama. Akamtazama Kauthar. Midomo ya Kauthar haikusema chochote, lakini macho yake yalikuwa yanamwomba, kwa mara ya mwisho na kwa aibu yote aliyonayo: usipokee.

"Ni dereva," Marijani akasema. "Yuko hapo chini, hawezi kusimama, polisi watamfukuza. Dakika moja. Wallahi, dakika moja tu."

Akashuka ngazi anakimbia.

Ndinda akaja na chapati mbili, zinatoa moshi.

"Ameenda wapi?"

"Chini. Kuna lori."

"Basi kula, atakawia." Akavuta kiti, akakaa bila kualikwa, akamwangalia Kauthar kwa huruma. "Lakini si mtu mbaya, dadangu. Mimi niko hapa miaka, ningejua. Hana mwanamke. Hanywi. Ako na mizigo tu."

"Angekuwa na mwanamke," Kauthar akasema, anajifuta macho na ncha ya mtandio, "ningejua pa kushindana."

Ndinda akainuka. Akazikunja chapati ndani ya karatasi, akamwekea mkononi.

"Beba. Hukugusa kitu."

Kauthar akashuka. Mtaa ulikuwa umewaka taa, nyekundu na kijani, watu wamejaa mpaka barabarani. Marijani alikuwa pale pale mbele ya mlango, nyuma ya lori lililofunguliwa, simu moja sikioni na nyingine mkononi, anawafokea vibarua kwa Kichina, anaonyesha boksi hili liende kule. Kanyooka! Mgongo umekaa sawasawa. Hakuwa amekonda tena.

Akageuka, akamuona Kauthar kwenye mlango. Akatabasamu na kuinua kidole kimoja juu. Subiri. Kisha akarudi kwenye simu, kidole bado kiko hewani, kimesahauliwa.

Kauthar alikitazama kidole kile. Watu walimpita, mmoja akamkanyaga, hakusikia. Teksi ikasimama kushusha abiria, akaingia kwa mlango ule ule kabla haujafungwa, akamwonyesha dereva kadi ya hoteli. Gari likaondoka polepole, likapita kabisa ubavuni mwa Marijani, karibu kiasi cha kumgusa bega kwa kupitisha mkono dirishani. Hakugeuka. Alikuwa anawaambia wainue kwa uangalifu, ndani kuna vioo.

Walikuwa wameshaingia barabara ya juu simu ilipoita.

"Kau, uko wapi? Nimemaliza, nipo juu huku, Ndinda hata hasemi na mimi. Umeingia dukani? Usiende mbali, utapotea."

"Nipo kwenye teksi."

"Teksi ya wapi? Rudi, tulikuwa tunaongea. Tulikuwa tumefika pazuri, Kau. Dereva alinichelewesha tu, ningefanyaje?"

Kauthar aliangalia nje. Maghorofa, taa, maghorofa. Akatafuta neno la kumuumiza, akatafuta zito kuliko yote, na akalipata pale pale lilipokuwa.

"Naenda kwa mume wangu," akasema.

Alisikia pumzi ya Marijani inavyokatika. Akasubiri kuona raha. Raha haikuja. Akakata simu.

Mume wangu. Mwaka na nusu hakuwahi kulitamka neno hilo. Kwa mama yake alisema Haidar. Kwa mashoga zake alisema Haidar. Kwa Haidar mwenyewe hakumuita kitu, alianza tu kuongea. Na leo limetoka, akamtolea mwanaume mwingine, kwa hasira, kama jiwe.

Akalijaribu tena, kimya kimya, apate kulizoea kabla ya asubuhi. Mume wangu. Dereva akamtazama kwenye kioo. Akalijaribu kwa upole, akalijaribu akiwa amefumba macho. Na kila alipolitamka, sura iliyokuja ilikuwa ya Marijani.